Kuchachua hakuondoi sumukuvu: jibu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kama soya na mashudu ya karanga yaliyoanza kushika ukungu yanakuwa salama yakichachuliwa siku tatu. La pili, ule utando mweupe unaoota juu ya pipa ni wa kutupa au wa kukorogea humohumo. Waliotangulia kujibu wamesema chachua tu, asidi inaua kila kitu. Na mimi niliamini hivyo, imani hiyo ikanigharimu bata.

Nilipata mashudu ya karanga kwa bei ya kutupa. Mzigo ulikuwa umekaa stoo inayovuja msimu mzima wa mvua. Ukivunja bonge, katikati unakuta vumbi la kijani na njano, na harufu ya godoro lililolowa. Nikajisemea hii kazi ya pipa. Nikaloweka pamoja na pumba, nikamimina maji ya pipa lililotangulia yawe chachu, nikafunika. Siku ya tatu nafungua, harufu ya ukungu hakuna kabisa! Kulikuwa na uchachu safi unaokufanya umeze mate, na karatasi ya kupimia pH (ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ikaonyesha 4. Kwa kipimo chochote cha wachachuaji, lile lilikuwa pipa zuri.

Kuku wakubwa walikula, utagaji ukashuka kidogo, sikushtuka. Vifaranga wa bata ndio walionifungua macho. Haikufika wiki mbili wakaanza kusinzia, mabawa yameshuka, wakitembea wanayumba, kisha wakafa mmoja baada ya mwingine. Daktari wa mifugo alipompasua mmoja, ini lilikuwa limepauka na kuvimba, lina madoa ya damu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Hayo mashudu yalikuwaje kabla hujayaloweka?"

Kuvu ni kitu kimoja na sumu yake ni kitu kingine. Asidi ya pipani inaizuia kuvu isiendelee kukua, lakini aflatoksini, yaani sumukuvu yenyewe, ambayo ilishaachwa ndani ya mbegu inabaki palepale. Kuichemsha nako hakusaidii, inastahimili moto wa jikoni bila shida. Ni kweli kuna bakteria wa asidi ya laktiki (hao wanaoleta uchachu pipani) wanaoweza kuinasa sehemu ya sumu hiyo kwenye kuta zao, ila kunasa siyo kuvunja, na tumboni inaweza kuachiliwa tena. Kinachoniuma zaidi ni kwamba uchachu unafukuza ile harufu ya ukungu, na mfugaji asiye na maabara hana king'ora kingine. Pipa lilinifichia ushahidi.

Wala siyo habari mpya. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000, ugonjwa wakauita "X" kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini. Baadaye chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu ya Aspergillus flavus, na aflatoksini ikagunduliwa kwa njia hiyo. Bata na batamzinga wanaathirika upesi kuliko kuku. Ng'ombe mkubwa anavumilia zaidi, ndiyo maana watu humpelekea yeye chakula kibovu. Usifanye hivyo kwa ng'ombe wa maziwa. Aflatoksini ya aina ya B1 aliyokula inageuzwa mwilini kuwa aina ya M1 na kutoka kwenye maziwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 20 za B1 kwa kilo ya malighafi ya chakula cha mifugo, lakini chakula kamili cha ng'ombe wa maziwa ni mikrogramu 5 tu. Hiyo 5 ni sawa na gramu tano kwenye tani elfu moja.

Sasa nisieleweke kwamba napinga kuchachua, kwangu pipa halikauki. Mbegu za jamii ya kunde zina vitu vyao vya kuzaliwa navyo: vizuizi vya tripsini (vinavyozuia protini isimeng'enywe), lektini (protini zinazodhuru utumbo), fitati (zinazoshikilia madini), na zile sukari zinazojaza gesi tumboni. Kifaranga anayelishwa soya mbichi anadumaa na kongosho linavimba, kwa sababu protini anaila lakini haivunjiki. Sukari zile na fitati ndizo zinazopungua vizuri kwa kuchachua. Vizuizi vya tripsini na lektini nisingeyaachia maji ya pipa peke yake. Chemsha kwanza, pooza, ndipo uchachue. Na maharage yachemke kwelikweli, maana kuyapasha kwa moto mdogo kunaacha lektini ikiwa bado ina nguvu.

Kabla ya hapo kaa chini na ungo uchambue. Naijua soya iliyovunwa pamoja na magugu: unakuta mbegu ndogo bapa, nyeusi au kahawia, zimejikunja kama figo. Hizo ni za mnanaha, na sumu yake haimalizwi na moto wala chachu. Mbegu za mbarika nazo zitoe. Chembe yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyotobolewa na wadudu itupe, kwa kuwa sumu nyingi hujikusanya kwenye chembe chache mbovu.

Kuna kosa lingine ambalo karibu kila anayeanza na soya hulifanya, nami nililifanya pipa la kwanza kabisa: soya tupu na maji. Siku ya tatu karatasi ilionyesha karibu 6, maji yanavutika kama mlenda, na harufu ya nyama iliyolala. Protini ya mikunde inaikaba asidi, kwa hiyo pH inashuka kwa kusuasua, na bakteria wa uozo wanapata muda wa kutosha. Hao wanaikata protini na kutoa sumu za uozo kama histamini, kadaverini na wenzake, na vitu hivyo haviondoki hata ukichemsha tena. Dawa yake ni kuwapa bakteria wazuri sukari ya kula: changanya unga wa mahindi au molasi, tia chachu kutoka pipa lililochachuka vizuri, shindilia hewa itoke, funika. Nataka kuona chini ya 4.5 ndani ya siku mbili, tatu. Isiposhuka simpi mnyama. (Wanaochachua soya kwa bakteria wa aina nyingine, Bacillus subtilis, watanibishia, na wana haki: kwao pH inapanda na harufu ya amonia ni ya kawaida. Hiyo ni njia tofauti na kipimo changu hakiihusu.)

Utando wako mweupe sasa. Kama ni bapa, mkavu kidogo, una mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na hauna manyoya, hiyo ni hamira pori. Yenyewe haina sumu. Ubaya wake ni kwamba inakula asidi, pH inapanda pole pole na kuwafungulia mlango wengine. Engua, usikoroge, pima tena. Ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, mwaga pipa zima. Usiengue juu ukabakiza chini, kwenye kitu chenye maji nyuzi za kuvu na sumu zinashuka mbali kuliko jicho linavyoona.

Kuhusu udongo wa bentonaiti aliouuliza mdau wa pili: unanasa aflatoksini vizuri, lakini deoksinivalenoli, sumu nyingine ya kuvu ambayo humfanya nguruwe akatae chakula, unaipita hivihivi. Ni msaada kwa mzigo unaotia shaka kidogo, hauwezi kuokoa mashudu kama yale yangu.

Ukiamua kupeleka maabara, usichote mkono mmoja juu ya gunia. Sumu inakaa kwa mafungu, gunia moja linaweza kuwa na kona chafu na kona safi. Chota sehemu nyingi, juu, katikati na chini, saga pamoja, changanya, ndipo utoe sampuli. Na uichukue ikiwa kavu, kabla hujaloweka chochote.

Tuwekee hapa pH ya leo, useme na kama ile soya ilichemshwa. Na kama una vifaranga, wape chakula kingine kwanza.