Kilomita 14 chini ya Mlima Elgon: masaa matatu au siku nzima?

SWALI: Sisi ni watu saba wa familia moja hapa Kisumu. Januari tunataka kutembea siku moja kwenye miteremko ya chini ya Mlima Elgon, upande wa lango la Chorlim: tupite msituni, tufike kwenye nyasi za juu, turudi kwa njia ile ile. Programu ya simu inasema ni kilomita 14 kwenda na kurudi, kupanda mita 600, masaa matatu kasoro. Rafiki aliyewahi kwenda anasema tutenge siku nzima. Tutakuwa na mama mkwe wangu wa miaka 61 na mwanangu wa miaka 10. Nimsikilize nani, na hesabu yenyewe hupigwaje?

JIBU: Dada, msikilize rafiki yako. Simu imechukua 14 ikagawanya kwa 5, ile kasi ya mtu mzima kwenye barabara tambarare, basi. Mlima haikuuhesabu.

Sisi tunaoongoza watu milimani bado tunaanzia kwenye kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu hiyo ni karibu masaa manne. Lakini Naismith alikuwa akimpigia hesabu mtu mkakamavu asiyesimama, na nyinyi mna bibi na mjukuu wake. Kwa kundi la namna hiyo mimi huweka kilomita 3 na nusu kwa saa, halafu huongeza mapumziko ya dakika kumi hivi kila baada ya saa moja.

Tuseme mnaanza saa moja asubuhi. Kilomita 7 za kwenda ni masaa mawili, kupanda ni saa moja, mapumziko nusu saa: mnafika juu saa nne na nusu. Mle kwa dakika arubaini. Kurudi ni masaa mawili na dakika ishirini, kwa hiyo mko chini saa saba na nusu. Msitegemee kuokoa muda kwenye mteremko. Udongo wa msituni huteleza hata Januari mahali jua halifiki, na magoti ya mama yataumia zaidi kushuka kuliko kupanda. Mtafutieni fimbo imara.

Hesabu hiyo ijaribuni kabla ya safari. Pimeni kilomita moja tambarare, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Mama akiimaliza kwa dakika 17, mko kwenye kilomita 3 na nusu kwa saa. Jumamosi inayofuata pandeni kilima cha Riat mkiongea. Anayeshindwa kumaliza sentensi anakwenda mbio mno, na kule juu itakuwa vigumu zaidi: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, nanyi mtakuwa mnatembea juu ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi.

Sasa jambo ninalolishikilia kuliko yote: kabla ya kutoka langoni, kubalianeni saa ya kugeuka. Kwenu naiweka saa tano na nusu. Ikifika, mnageuka hata kama nyasi za juu mnaziona mbele yenu. Sababu ni mvua. Upepo wa Ziwa Victoria hupeleka unyevu kwenye nyanda za juu, jua la mchana linauinua, na alasiri mawingu yanapasuka kwa radi. Januari ni kiangazi, hatari imepungua, lakini haijaisha. Mkisikia ngurumo mkiwa kwenye nyasi, ondokeni hapo mara moja, shukeni, na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hata hivyo hesabu kubwa isiwape ruhusa ya kuendelea kukaa.

Mahali msitu unapoishia na nyasi kuanza, simameni kwanza. Podo na miti ya teki ya Elgon huficha kila kitu, kisha ghafla mnatokea peupe, na nyati hupenda kulisha papo hapo ukingoni. Nyamazeni kidogo, angalieni kushoto na kulia, sikilizeni matawi yanayovunjika. Ombeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, awaongoze. Yeye atanusa nyati kabla yenu kumwona. Mkiinua macho, huenda mkawaona mbega.

Mwanao bila shaka atataka pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Ni haki yake kulitamani, lakini kwa familia nashauri mwishie mdomoni. Watu wawili waliougua homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamelitembelea kabla ya kuugua, na popo wa matunda wanajulikana kubeba virusi hivyo. Mtoto asiguse kuta wala kinyesi cha popo. Litengeeni nusu saa wakati wa kurudi, na mkiwa mmechelewa, pango ndilo la kwanza kuachwa.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, kwa hiyo lita mbili na nusu kwa mtu mzima, lita moja na nusu kwa mtoto. Viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na njugu vinatosha kabisa. Bebeni sweta na koti la mvua, kwani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 mnazopanda.

Kisumu ni mbali mno kwa safari hii ya asubuhi, kwa hiyo laleni Kitale au Endebess usiku uliotangulia. Dereva asubiri langoni kuanzia saa saba. Njiani mama mkwe atembee mbele, nyuma ya askari tu, na kijana mwenye nguvu awe wa mwisho. Mwendo ukiwa wa mama, hakuna atakayeachwa msituni.