Kukengeuka na nduguze: majibu kwa wasomaji

*Mwalimu, shikamoo. Nimeletewa barua kutoka shule anakosoma binti yangu: "Mwanafunzi huyu amekengeuka maadili." Je, wamemtukana? (Mzazi, Morogoro)*

Marahaba, mama. Hawakumtukana. Neno hili lina njia ndani yake. Fikiria mtu anayefuata kinjia cha shambani kwenda kisimani. Afikapo kwenye mwembe anaiacha njia na kushika upande. Huyo amekengeuka. Kwa hiyo aliyeandika hivyo amekiri, hata kama hakukusudia, kwamba binti yako alikuwa njiani, na njia yenyewe bado ipo.

Wangemwita "mpotovu" ningeumia pamoja nawe. Kupotoka ni kupinda: ubao mbichi ukianikwa juani hupotoka, na hapo kasoro imo katika ubao wenyewe. Nimewahi kuona neno hilo kwenye karatasi yenye muhuri, limeandikwa juu ya mtoto wa miaka 14, na sijalisahau. Walimu wenzangu, tafadhali, tulipime kabla ya kuliandika.

Kosa la barua yako ni la sarufi. Kukengeuka hakubebi yambwa, yaani nomino inayotendwa. Ingefaa waandike "amekengeuka kutoka katika maadili", au "amekiuka maadili".

*Basi kukiuka na kukengeuka vinatofautianaje? (Msomaji, Mombasa)*

Kukiuka ni kuinua mguu ukapita juu ya kitu. Bibi yangu alikuwa mkali sana kwa hilo: mtoto akiwa amelala mkekani, ole wako umkiuke! Ungerudishwa ulikotoka, uzunguke. Sheria nayo ni kama imelazwa mbele yetu, na anayeivunja ameipita kwa juu huku akiiona. Ndiyo maana twasema Katiba imekiukwa, haki zimekiukwa, mkataba umekiukwa. Hakuna asemaye "Katiba imekengeukwa". Tena kukiuka hutimia kwa hatua moja. Kukengeuka huweza kuchukua miaka, na mwenyewe asijue alipoachia njia.

*Tuseme "utovu wa nidhamu" au "upotovu wa nidhamu"? (Karani, Dodoma)*

Utovu. Mtovu ni aliyekosa kitu: mtovu wa adabu, mtovu wa shukrani. "Upotovu wa maadili" ni sahihi, lakini hilo ni jambo jingine.

*Mwanangu wa darasa la tano aliona kibao cha "MCHEPUKO" barabarani akacheka sana. Nimweleze nini? (Baba, Mbeya)*

Mweleze kuwa kibao hakina kosa. Kuchepuka ni kuacha njia kuu ukapita pembeni, na palipo na ujenzi dereva hana budi kuchepuka. Hata "mchepuo wa sayansi" wa sekondari umetoka kwenye mzizi huohuo, na hakuna aliyeuonea haya. Maana ya mpenzi wa nje ya ndoa ilienea mno Tanzania, hasa baada ya kampeni ya kupambana na Ukimwi iliyosisitiza kwamba michepuko si dili, watu wabaki njia kuu. Waliitunga kwa ustadi, kwa sababu waliichukua picha nzima ya barabara. Mimi nalipenda neno hili na nisingependa tuwaachie wacheshi peke yao.

*Mshairi akivunja kanuni za lugha, naye amekengeuka? (Mwanafunzi, Kisumu)*

La. Wahakiki huita hilo ukiushi, na mshairi amepewa idhini. Akiandika "alokwenda" badala ya "aliyekwenda" amepunguza silabi moja ili kipande chake, yaani nusu ya mshororo, kitimize mizani (silabi) 8; hiyo ni inkisari. Akirefusha neno ni mazida. Akilibadili umbo bila kugusa hesabu ya mizani ni tabdila. Yote hayo anayafanya ili azitii arudhi, kanuni za utunzi wa shairi, yaani anaiacha kidogo njia ya sarufi apate kubaki kwenye njia ya shairi. Lakini akishindwa mizani au vina vikamponyoka, shairi lake ni guni, na kwa hilo hana idhini ya kujikingia.