Kwa Unayeanza Utafiti wa Ikama na Mipango ya Watumishi wa Afya

Wengi wanaoingia katika utafiti wa mipango ya watumishi wa afya huanza kwa kuuliza upungufu umefikia asilimia ngapi, kwa kuwa ndilo swali wanaloulizwa na wafadhili, wabunge na waandishi wa habari. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uliahirishe swali hilo hadi ujue upungufu wenyewe unapimwa kwa kulinganishwa na nini. Katika halmashauri moja ya Tanzania utakuta hesabu tatu zisizolingana: ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa na Wizara ya Afya kwa kila ngazi ya kituo, mahitaji yanayotokana na wingi wa kazi, na nafasi zilizotengewa fedha za mishahara kwa mwaka husika. Kwa sababu hiyo zahanati inaweza kuendeshwa na muuguzi mmoja huku vijana wenye stashahada ya uuguzi wakiwa nyumbani wanasubiri tangazo la ajira, maana upungufu huhesabiwa kwa ikama lakini ajira hutoka kwa kibali na bajeti. Asiyetenganisha hesabu hizi atapendekeza vyuo viongeze udahili wakati kilichokosekana ni fungu la mishahara.

Viwango vya kimataifa vina mahali pake, lakini usiviombe kazi visivyoiweza. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitumia kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000, na mwaka 2016 likatoa kipimo kipya cha 4.45 kilichofungamanishwa na Malengo ya Maendeleo Endelevu. Vipimo hivi hufaa kulinganisha nchi na nchi. Havimsaidii Mganga Mkuu wa Wilaya aliyepangiwa wakunga wawili wapya na ana vituo kumi na vinne vinavyowaomba.

Kwa swali la namna hiyo, jifunze kwa kina njia ya viashiria vya wingi wa kazi, inayojulikana kwa kifupi chake cha WISN, ambayo Shirika hilo lilitoa mwongozo wake mwaka 1998 na kuuboresha mwaka 2010. Njia hii hukokotoa watumishi wanaohitajika kutokana na kazi iliyopo, na msingi wake ni muda. Chukua juma 52 zenye siku tano za kazi, upate siku 260. Toa siku 28 za likizo ya mwaka, sikukuu za kitaifa kama 16, na tuseme siku 10 za ugonjwa, misiba na mafunzo. Zinabaki siku 206, ambazo kwa saa nane kwa siku ni saa 1,648 kwa mtumishi mmoja kwa mwaka. Sasa fikiria chumba cha kujifungulia ambacho lazima kiwe na mkunga saa zote: mwaka una saa 8,760, na ukizigawa kwa 1,648 unapata watu watano na zaidi kidogo. Nafasi moja ya mkunga, ikijazwa usiku na mchana, inadai watu watano, na hapo hujaongeza hata mmoja kwa ajili ya siku wanapofika wajawazito watatu kwa mpigo. Kituo kikiwa na wakunga watatu, na mmoja wao yuko kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, wawili waliobaki wanagawana saa 168 za kila juma. Ifanye hesabu hii kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuikabidhi kwa programu ya kompyuta, ili uizoee kiasi cha kugundua pale jibu lisipoingia akilini.

Sehemu ngumu zaidi ya njia hii ni kuweka muda wa kawaida wa kila huduma. Kosa linalojirudia ni kukaa kliniki ya wajawazito na saa mkononi, ukaona kila mama anahudumiwa kwa dakika sita, kisha ukaandika dakika sita. Muuguzi anayehudumia foleni peke yake amekwisha kuacha baadhi ya mambo: hapimi presha kwa utulivu, haelezi dalili za hatari, haulizi mama amepanga kujifungulia wapi. Ukichukua muda huo kama kiwango, umeugeuza upungufu kuwa utaratibu, na hesabu yako itaonyesha kwamba watumishi wanatosha. Kaa na wauguzi wenye uzoefu kutoka vituo mbalimbali, mkubaliane muda ambao huduma iliyokamilika kwa mujibu wa mwongozo inahitaji. Kuchungulia kazi ikiendelea kuna faida yake, hasa kuona mambo yasiyoandikwa popote, kama vile kufuata dawa stoo, kusindikiza mgonjwa wa rufaa, au kujaza taarifa za mwezi ambazo humfungia tabibu ofisini siku nzima.

Ningependa ukae zaidi kwenye jambo linalofuata, kwa sababu nimeona ripoti nzuri zikipotoka hapo. Takwimu za MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya vituoni, huonyesha kazi iliyofika mlangoni na kuandikwa. Mahali pasipo na mkunga, akina mama hujifungulia nyumbani au huenda kituo cha mbali, kwa hiyo kitabu cha wodi ya wazazi kinabaki na kurasa chache zilizojazwa, nayo hesabu inasema hapa kazi ni ndogo, mkunga wa pili hahitajiki. Mwaka unaofuata hapelekwi mtu, na akina mama wanaendelea kukwepa. Kituo kilichonyimwa kinazidi kunyimwa kwa ushahidi wa kunyimwa kwake! Dawa yake ni kukadiria idadi ya watoto wanaotarajiwa kuzaliwa, kwa kutumia idadi ya watu wa eneo la huduma na kiwango cha uzazi kutoka sensa, kisha kulinganisha na waliozaliwa kituoni. Tofauti ikiwa kubwa, andika hesabu mbili, ya kazi iliyopo na ya kazi inayostahili kuwepo, na uwaeleze wasomaji wako ipi ni ipi.

Mwaka wa takwimu unaouchagua nao una historia yake. Nchini Kenya madaktari wa umma waligoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba mwaka huohuo. Atakayetumia takwimu za hospitali za umma za mwaka 2017 kupima wingi wa kazi bila kulijua hilo atakuta wagonjwa wamepungua, na anaweza kudhani mahitaji yamepungua. Tanzania nayo, katika uhakiki wa vyeti uliotangazwa Aprili 2017, karibu watumishi wa umma elfu kumi waliondolewa kazini, wakiwamo wa sekta ya afya. Orodha za kabla na baada ya hapo hazilinganishwi bila maelezo.

Kuhusu orodha za watumishi, usiridhike na ile ya mishahara. Humo wamo walioko masomoni, walioazimwa ofisi za wilaya, waliohama kumfuata mwenza lakini mshahara wao bado unasomeka kituo cha zamani. Omba ratiba ya zamu, ile iliyopigwa mistari kwa rula na kubandikwa ukutani, na uangalie majina yaliyofutwa na kuandikwa juu yake. Kisha omba ruhusa ya kuona kitabu cha wodi ya wazazi. Mwandiko mmoja ukianza saa mbili usiku, ukaendelea alfajiri, na bado ukawepo saa sita mchana, umempata mtu aliyefanya zamu mbili mfululizo, hata kama ratiba inaonyesha wawili. Wakati mwingine mwandiko huo ni wa mhudumu wa afya ambaye hakusomea ukunga. Hilo liandike kwa uangalifu mkubwa: ni taarifa ya jinsi kituo kinavyojisetiri, na hupaswi kuiacha igeuke shitaka dhidi ya mtu aliyebaki kazini wenzake walipokosekana.

Utakapofika na daftari lako watakudhania mkaguzi. Barua za kibali unazo, lakini mweleze mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mbele ya wenzake kwamba majina hayataandikwa, na ulitimize hilo hadi kwenye rasimu zako. Watumishi wakiogopa, ratiba utakayoonyeshwa itakuwa safi mno.

Panga pia lini utamaliza. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na makadirio ya mishahara na nafasi mpya huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo matokeo yanayofika mezani kwa afisa utumishi mwezi Mei yamechelewa kwa mwaka mzima. Lenga kumkabidhi yeye na Mganga Mkuu kurasa mbili kufikia Novemba, zenye jina la kila kituo, waliopo, wanaohitajika kwa kazi iliyopo na kwa kazi inayostahili, na kituo gani kianze kupelekewa mtumishi endapo kibali kitakuja na nafasi tatu tu.