Boti Mbili za Alumini na Familia ya Watu Sita

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi tunapenda kwenda kisiwa cha Saanane na fukwe za jirani siku za mapumziko, na sasa tunataka kununua boti ya alumini. Tumepata mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni mpya, ina urefu wa futi 14 na upana wa futi 5, chini ni bapa, imeungwa kwa ribiti, na injini yake ni ya nguvu za farasi 20. Ya pili imetumika baharini Dar es Salaam. Ni futi 17 kwa 7, imechomelewa, tumbo lake limechongoka, na injini ni ya 60. Mke wangu anapendelea mpya. Tuchukue ipi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, chukua ya pili, ila usitoe fedha kabla hujaikagua ikiwa nchi kavu.

Kinachoamua hapa ni idadi yenu. Kanuni inayotumika Marekani kwa boti ndogo ni kuzidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha kugawanya kwa 15, na jibu ndilo idadi ya watu wazima wanaoweza kupakiwa hali ya hewa ikiwa shwari. Boti mpya inapata watu wanne tu, ilhali ya pili inapata saba. Mama yako akipanda ile ndogo pamoja na wajukuu, dumu la mafuta, nanga na vyakula, ubavu wake utakuwa umeshuka karibu na maji hata kabla hamjang'oa nanga. Kivuko cha MV Nyerere, kilichozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake, na uzito uliozidi hauchagui ukubwa wa chombo.

Pili, ziwa letu asubuhi hulala, lakini mchana upepo hushika nguvu na kuinua mawimbi mafupi yanayofuatana upesi. Chini bapa hutulia vizuri kwenye maji shwari, ila hupigwa na kila wimbi, na anayeumia zaidi ni mgongo wa bibi aliyekaa omo, yaani mbele ya boti. Tumbo lililochongoka hulipasua wimbi.

Sasa ukaguzi. Inua mguu wa injini, uukandamize kwa uzito wako, huku mwenzako akitazama ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba injini hiyo: ukinesa, mbao za ndani zimeoza. Ugonge pia kwa nyundo ndogo, kwa kuwa mbao zilizolowa hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha ziba tundu la kutolea ngama, yaani maji yanayojikusanya ndani ya boti, mimina maji ndani mpaka usawa wa sakafu, ulale chini ya trela na chaki mkononi, na kila mahali panapodondosha uweke alama. Kwa kuwa imetoka baharini, tafuta unga mweupe pale boliti za chuma zinapogusa alumini, na uulize ilipakwa rangi gani chini, maana rangi yenye shaba hula alumini. Vipande vya zinki vinavyoikinga dhidi ya kutu viondolewe, viwekwe vya magnesi, vinavyofaa zaidi maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa letu.

Chaguo la mkeo lina uzito upande wa mafuta: kwa kasi ya mwisho, injini ya 60 hunywa takribani lita 20 kwa saa, na ile ya 20 hunywa kama saba. Hata hivyo, kwa safari fupi za Saanane hamtahitaji kasi hiyo, na mwendo wa taratibu utapunguza sana tofauti hiyo.

Ubao wa tezi ukikutwa umeoza, iache boti hiyo, wala usirudi kwenye ile ndogo. Subirini nyingine ya ukubwa huohuo. Fedha zitakazokuwa zimebaki mkononi, nunueni jaketi okozi sita, za watoto zikiwa za vipimo vyao wenyewe, na muulizeni TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, taratibu za usajili na ukaguzi kabla ya kuishusha majini.