Kumtafuta bibi aliyeitwa mchawi

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba tunamtafuta bibi wa ukoo wa mume wangu aliyenyongwa kwa uchawi, alishtuka. "Mwanangu, mnamfukua wa nini mtu wa namna hiyo?" Kwetu Korogwe neno hilo likishatajwa, ukoo mzima hufunga mdomo. Lakini mume wangu ni Mmarekani, na wanangu wana damu ya bibi huyo: Susannah Martin wa Amesbury, Massachusetts, mmoja wa watu 19 walionyongwa katika kesi za uchawi za Salem mwaka 1692. Niliona wana haki ya kumjua.

Tulianza vibaya. Tulinakili mti wa ukoo tulioukuta mtandaoni, tukapoteza miezi mingi. Ulimpa bibi mtoto ambaye, ukipiga hesabu, angemzaa akiwa amepita miaka 60! Majina yake yalikuwa ya kawaida mno, watu wakachanganywa. Basi anza na watoto wako, panda kizazi kimoja kimoja, na usivuke kabla hujashika karatasi: cheti, ubatizo, wosia, hati ya shamba.

Tarehe nazo zitakusumbua. Kabla ya 1752 Waingereza na makoloni yao walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, ndiyo maana utakuta Februari 1691/92, yaani 1691 kwa hesabu yao, 1692 kwa yetu. Karani hakukosea.

Orodha za abiria wa meli zilizoleta wahamiaji kutoka Uingereza usizitegemee sana. Za miaka ya 1630 zilizobaki ni chache. Susannah alibatizwa Olney, Uingereza, mwaka 1621. Huku Marekani tulimfuata kupitia baba yake, Richard North, aliyekuwa na ardhi Salisbury. Mzee alipofariki, wosia wake ukazua ugomvi. Susannah na mumewe, mhunzi George Martin, wakaupinga mahakamani, wakashindwa. Iliniuma kwa ajili yake, ila wosia wenye ugomvi ni hazina kwa mtafutaji, maana humo ndimo utajua nani ni mtoto wa nani.

Na usiishie kwenye mwaka wa kifo. Tuhuma hazikuanza 1692. Mwaka 1669 alikuwa ameshaitwa mchawi, na mumewe akafungua kesi ya kukashifiwa. Majalada ya mahakama ya miaka 20 au 30 nyuma ndiyo yanayoonyesha chuki ilikotokea. George alifariki 1686. Kesi ya mwisho ilimkuta bibi akiwa mjane.

Kisha soma kesi yenyewe. Chuo Kikuu cha Virginia kimeweka hati za Salem mtandaoni, bure. (Ukurasa wowote unaokuambia walichomwa moto, ufunge, Salem hakuchomwa mtu.) Tarehe 2 Mei anahojiwa, wasichana wanaodai amewaroga wanaanguka, yeye anacheka. Anaulizwa anacheka nini. Anajibu kwamba upuuzi kama huo unastahili kuchekwa. Pale nilisimama kusoma, nikalia. Nilikuwa nimemsikia.

Jirani mmoja, Sarah Atkinson, alishuhudia kwamba zamani bibi alitembea kwa miguu kutoka Amesbury hadi Newbury, njia zikiwa matope matupu, akafika mkavu. Hata nyayo za viatu hazikulowa. Huo nao ulikuwa ushahidi. Alinyongwa tarehe 19 Julai, na jina lake likasafishwa kwa sheria mwaka 2001.

Nilimsomea mama habari ya viatu. Akakaa kimya, kisha akasema, "Masikini! Si alipita kando ya njia tu?"