Mwanangu aingie drafti ya NBA sasa, au abaki chuoni?

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja Marekani, anacheza kikapu kwa ufadhili wa masomo. Viza yake ni ya mwanafunzi, F-1. Kuna wakala anamhimiza mwaka huu aingie drafti ya NBA, yaani ule uchaguzi ambao timu za ligi hiyo huchukua wachezaji wapya kwa zamu. Wachambuzi wa mtandaoni wanamweka kati ya namba 40 na 50. Akiingia asichaguliwe, anaweza kurudi chuoni kucheza? Huyo wakala pia anataka dola 500 za kumsajili. (Mama wa mchezaji, Mwanza)

JIBU: Shikamoo mama. Kuingia anaweza, na kurudi anaweza, ila kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hawezi kusubiri drafti ipite ndipo arudi. Lazima aondoe jina mapema, na hapo ndipo vijana hujikwaa, maana tarehe za kuondoa jina ziko mbili.

NBA inataka jina liwe limefika angalau siku 60 kabla ya drafti, na inamruhusu mchezaji kuliondoa hadi siku 10 kabla. Drafti hufanyika mwishoni mwa Juni, hivyo tarehe hiyo huangukia katikati ya Juni. NCAA nayo ina tarehe yake, ya mapema zaidi: siku 10 baada ya kambi ya majaribio ya Chicago, ambayo hufanyika Mei. Kijana akiondoa jina Juni 8, NBA itamkubalia kuwa ametoka kwenye drafti, lakini haki ya kuchezea chuo itakuwa imeshapotea. Anabaki hana timu na hana chuo. Mwanao ashike tarehe ya NCAA, ile nyingine aisahau kabisa. Ajue pia kwamba NBA humruhusu mchezaji kuondoa jina mara mbili tu.

Ndani ya wiki hizo anaweza kufanya majaribio na timu, na kuiomba kamati ya ushauri ya NBA imkadirie anaweza kuchaguliwa wapi. Aiombe tathmini hiyo kabla ya kusaini chochote. Tangu 2018 NCAA inaruhusu wakala katika kipindi hiki, lakini mchezaji awe ameshaomba tathmini, wakala awe na kibali cha NCAA, makubaliano yawe ya maandishi, na yavunjwe kijana akirudi chuoni. Ona basi wakala amekaa upande gani: mwanao akirudi, yeye anapoteza mteja.

Sasa hiyo namba 40 na kitu. NBA huchagua kwa raundi mbili, na raundi ya kwanza huishia namba 30. Kuanzia namba 31, mkataba ni jambo jingine. Wa raundi ya kwanza ana ngazi ya mishahara iliyopangwa, na miaka miwili ya mwanzo ni ya uhakika. Wa raundi ya pili hana uhakika wowote wa kanuni. Atapata kile timu inachotaka kumpa. Wengi huishia kwenye mkataba wa njia mbili, yaani huku NBA, huku ligi yake ya maendeleo, G League. Msimu wa 2024-25 mkataba huo ulilipa dola 578,577, ambazo si haba. Lakini aliyekosa hata huo akaenda G League ya kawaida, msimu wa 2023-24 alilipwa dola 40,500. Ukitoa kodi na pango la Marekani, hapo hakuna cha kutuma Mwanza.

Najua mtu atakutajia Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyefika NBA, kwamba naye aliondoka chuo cha Connecticut kabla ya kumaliza. Kweli, lakini mwaka 2008 watu walimtaka aondoke, akarudi kucheza mwaka wa tatu. Mwaka 2009 timu ya Memphis ikamchukua namba 2. Msimu wa kwanza haukumwendea vizuri, Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo, na mshahara wake wa NBA ukaendelea kuingia. Uhakika ndio huo. Msimu huohuo wa chuo, DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh aligawana na Thabeet tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya Big East. Madaktari wa timu walipoyaona magoti yake, akashuka hadi namba 37. Wachambuzi wa mtandaoni hawaoni picha za magoti.

Kuna jambo ambalo wenzake wa Kimarekani hawatamwambia, kwa sababu haliwahusu. Wao siku hizi wanarudi chuoni kwa sababu chuoni kuna pesa: tangu Julai 2021 mchezaji anaweza kuuza jina na sura yake kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji. Mwenye F-1 amebanwa na masharti ya kazi ya viza hiyo, na vyuo vingi vinasita kumlipa. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyekuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022 akiwa chuo cha Kentucky, alifanya kazi zake za matangazo timu ilipokwenda Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Mwaka 2023 aliingia drafti, hakuchaguliwa, akaanza na timu ya Indiana kwa mkataba wa njia mbili. Kwa hiyo hesabu ya "nibaki, nitalipwa" mwanao asiikope kwa mwenzake wa bwenini.

Viza inauma upande wa pili pia. Akiacha masomo kwa idhini ya chuo, ana siku 15 za kuondoka nchini. Akisaini na timu, timu humwombea viza ya wanamichezo. Asiposaini, hana wa kumwombea. Kabla tarehe ya NCAA haijapita, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake aulize hasa: nikibaki kwenye drafti, hali yangu itakuwaje Julai?

Ningekuwa mimi, ningemwacha aandikishe jina, afanye majaribio, apimwe, asikilize. Kisha aondoe jina, isipokuwa timu imempa neno la raundi ya kwanza, au la mkataba wa raundi ya pili wenye miaka na fedha za uhakika. Neno lenyewe alisikie kocha wake wa chuo kutoka kwa timu, lisipitie kwa wakala peke yake. Mchezaji Zach Edey aliondoa jina mwaka 2023, akarudi chuo cha Purdue, mwaka uliofuata akachukuliwa namba 9.

Dola 500 usitume. Mchezaji huiandikia NBA barua mwenyewe, na hakuna ada. Anayekuomba hela ya kusajili jina, mwombe kwanza namba ya kibali chake cha NCAA, kisha mpe kocha aihakiki.