Oganoidi ndani ya chipu, ya nini?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma maabara hapa Mbale, mwalimu katuambia sahizi wanaotesha viungo vidogo halafu wanaviweka kwenye chipu. Kwani kimoja kati ya hivyo viwili hakitoshi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hakitoshi. Oganoidi ni kabonge ka seli kama punje ya ulezi, Hans Clevers na wenzake kule Uholanzi waliotesha ya utumbo 2009, ila haina mishipa ya damu, ikinenepa seli za katikati zinakosa oksijeni zinakufa. Chipu sasa ni kadude kadogo kama flashi ya kompyuta, ina vijifereji vya kupitisha maji yenye chakula, ile ya mapafu ya Harvard 2010 ilikuwa hadi inavutika kama mtu anapumua. Ukiziunganisha hizo mbili, oganoidi inalishwa, na kama ni ya ini, dawa unaipitisha polepole unaona linavyoumia, na hapo ndo napapenda mimi, maana dawa huwa zinajaribiwa kwa panya, na ini la panya si la mtu.